Niliikagua Noah kuanzia tairi hadi kadi, nikapitwa na kitu ambacho hata paka walikijua

Wakuu, salaam zenu popote mlipo, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza tena. Nimezama ziwani na mtumbwi mara mbili, zote nikatoka na viatu vyangu mguuni. Nimeshauziwa kiwanja chenye makaburi, na aliyeniuzia akarudisha pesa yangu mwenyewe huku akiniomba radhi. Nimekaa meza moja na wafanyabiashara wa kila namna na hakuna aliyeinuka kabla yangu.

Kwa hiyo nilijiambia, gari tu ndiyo inishangaze?

Ikanishangaza.

Ninachoandika hapa ni kweli mwanzo mwisho. Sababu ni moja: Mama Neema, mke wangu, yumo humu jukwaani. Anasoma kimyakimya, hakomenti, lakini nikiongeza neno moja la uongo atafungua akaunti mpya kwa kazi ya kunirekebisha tu. Hata nikitaka kuwadanganya sina njia.

Kwanza mnijue kidogo.

Niko kwenye umri ule ambao watu wenye ndevu wanakuamkia shikamoo na wewe unaitikia bila aibu. Shule niliishia darasa la sita. Nilianza kwa kubeba ndoo za dagaa kichwani, maji yanatiririka shingoni, leo nina mitumbwi yangu na banda langu mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha mzigo. Nanunua dagaa wabichi, naanika, nafunga gunia, nasafirisha mikoani. Binti yangu Neema yuko chuo hapahapa mjini kwa dagaa haohao. Sijawahi kuandika barua ya kuomba kazi maishani mwangu, sijui hata inaanzaje.

Pembeni ya dagaa nina mkono wa magari. Nachukua gari moja used, naitengeneza, naisukuma kwa mwingine na faida yangu. Nilikuwa sijawahi kula hasara hata mara moja. Mtaani wananiita Injinia. Sikuomba hilo jina, waliona wenyewe.

Sasa twende.

Tuna nyumba yetu Mkolani, hapa Mwanza, tunajenga. Kuta zimeisha, mbao za kenchi ziko juu, inasubiri bati. Pesa ya bati ilikuwepo, na nusu yake ilikuwa jasho la Mama Neema mwenyewe, maana anauza vitenge. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mbao za kenchi zikinyeshewa msimu mzima mnajua zinavyopinda.

Mtu wa kawaida angenunua bati.

Mimi nikawaza kibiashara. Nikamwambia mke wangu, hii pesa ikae kwenye gari moja tu kwa muda mfupi, itoke na faida, tupige zile bati nzito za rangi zinazofanana na vigae, na baraza ya mbele tuiezeke palepale. Majirani wa Mkolani wapite wakigeuza shingo.

Akaniangalia.

"Baba Neema, na gari isipouzika?"

"Mimi? Isiuzike kwangu?"

"Nimeuliza tu."

"Kabla tone la kwanza halijadondoka bati ziko juu. Niandike."

Hakuandika. Alinipa pesa, akasema tone la kwanza atanikumbusha yeye.

Nikapata taarifa za Noah moja iko ng'ambo, upande wa Kamanga. Mwenye nayo anaitwa Mabula. Nikampigia, tukaelewana kwa mdomo, akataka tukutane stendi ya Nyegezi niione.

Hapa vijana mchukue kalamu. Kanuni yangu ya kwanza: usikague gari mahali alipopanga muuzaji. Yeye anajua aipaki wapi, upande uliokwaruzwa anauelekeza ukutani, ameshaipasha moto injini isikohoe wakati wa kuwaka. Muuzaji ndiye aje kwako, kwenye uwanja wako, saa unayotaka wewe.

Nikamwambia Mabula, "Stendi hapana. Niletee mwaloni kwangu."

Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Mwaloni kabisa, mkubwa? Pale pale dagaa wanapoanikwa?"

"Pale pale. Saa sita, jua la utosi. Nataka nione kila mkwaruzo."

"Haya, mkubwa. Wewe ukitaka mwaloni, ni mwaloni."

Nikakata simu nikacheka. Nilimsikia sauti imebadilika. Nikasema huyu nimeshamshika.

Kwa asiyewahi kufika mwaloni saa sita mchana, nimweleze. Dagaa wameanikwa kuanzia majini hadi barabarani, kwenye nyavu, kwenye mchanga, juu ya mawe. Mgeni akishuka pale anatafuta leso. Sisi wenyeji tunatafuta chakula. Mimi nimevuta ile hewa miaka na miaka, kwangu ni hewa kama hewa nyingine, na ukiniuliza nitakwambia ni safi.

Mabula akaja. Noah nyeupe, inang'aa, imevalishwa makava mapya ya viti. Mwenyewe mchangamfu, kaofia kichwani, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mkubwa!"

"Mwangaluka. Zima, tuisubiri ipoe."

Nilikuwa na fundi wangu, Masanja. Huyu anatengeneza injini za mitumbwi na za magari, gereji yake iko hatua chache kutoka bandani kwangu. Namwamini kuliko daktari.

Tukaikagua, wakuu. Naomba nijisifu kidogo maana ile kazi ilikuwa nzuri.

Tulisubiri injini ikapoa kabisa ndipo tukaiwasha, kwa sababu injini baridi haijui kudanganya. Tukafungua mfuniko wa oili kutazama chini yake. Ukikuta uji mweupe pale, maji yameingia kwenye oili, funga mfuniko uage. Tukapita na sumaku kwenye bodi kutafuta palipozibwa kwa puti. Tairi zililika sawasawa pande zote, maana yake gari inakwenda mstari mmoja. Namba ya chesisi tukaifananisha na kadi, jina kwenye kadi tukalifananisha na kitambulisho cha Mabula, sura kwenye kitambulisho nikaifananisha na Mabula mwenyewe. Nikampigia mtu akaniangalizia kama ina faini za barabarani. Haina. Masanja akaingia uvunguni, akatoka na mchanga mgongoni.

"Mzee, gari imesimama hii."

Kitu kimoja tu kilinifanya niulize. Chini ya viti, kwenye kila kona, kulikuwa na vifuko vidogo vya kahawa ya unga.

"Mabula, hii kahawa vipi?"

"Aa mkubwa, mimi kahawa siachani nayo."

Nikaridhika kabisa. Mtu wa kahawa hasinzii barabarani, ina maana gari haijawahi kuingia mtaroni.

Halafu, na hapa Mama Neema ndiye amenisisitiza niandike, Mabula mwenyewe akaniuliza:

"Mkubwa, umeangalia vyote. Hata zulia la chini hufunui?"

Nikamjibu huku vijana wangu wote bandani wanasikia: "Mimi nanunua injini. Mkeka nitanunua sokoni Makoroboi."

Watu wakacheka. Mabula naye akacheka, akacheka mno, akakaa chini kwenye gunia.

Alianza na milioni kumi na tatu. Nikamshusha, nikamshusha, hadi 10,800,000. Nikamwona ananipa mkono kwa haraka sana, nikajua ana shida ya pesa. Nikamwonea huruma kabisa.

(Nimeitwa na mteja, ngoja nimpimie gunia lake narudi.)

Nimerudi.

Nikaenda na gari nyumbani Nyegezi tulipokuwa tumepanga. Mama Neema akaingia kiti cha mbele tupige mzunguko. Baada ya muda akashusha kioo.

"Pandisha, AC ipo."

"Nataka upepo."

"AC ni upepo."

"Nataka wa nje."

Mwanamke akikosa kosa la kusema juu ya gari, anasema juu ya upepo.

Jioni ile paka wakaja. Mtaani kwetu nilikuwa nafahamu paka mmoja wa jirani. Sasa walikuwepo watano, wamejipanga chini ya Noah kama wamekuja kwenye kikao. Nikasema wanafuata joto la injini. Kesho yake yule ndege mkubwa mwenye upara, korongo, hawa wanaozurura kwenye majalala yetu ya samaki, alitua juu ya paa la gari na hakuondoka hadi nilipomtupia kandambili. Jirani yangu alikuwa anapiga mswaki kibarazani, akasema, "Injinia, gari yako ina mvuto."

Nikamwambia asante.

Nikaipaki barabarani, sio mbali na stendi, na kibao cha INAUZWA. Bei milioni kumi na tatu na nusu. Wateja wakaja, wakuu, tena wengi. Noah ni gari ya watu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari na mkewe. Watu wa heshima, shikamoo ya magoti. Tukafunga vioo, nikawasha AC waisikie inavyopuliza. Hatujafika hata mbali, mke akanigusa bega, "Simama baba." Akashuka akainama kwenye majani, akatapika. Nikamgeukia mwalimu nikamkonyeza.

"Hongera sana, mwalimu."

"Hongera ya nini, mzee?"

"Mambo ya ndani sitaki kuingilia."

Akabaki ananishangaa. Wakasema watanipigia.

Wa pili alikuwa mchungaji, anataka gari ya kubebea kwaya. Akafungua mlango wa nyuma, akafumba macho, akasimama vile kwa muda. Nikavua kofia nikajua anaombea. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi. Akanishika mkono, akasema Mungu anaona kazi ya mikono yangu, na kwamba atanipigia.

Akaja kijana wa kubeba abiria. Huyu aliiendesha mzunguko mzima akiwa ametoa kichwa dirishani kama mtu anayerudi nyuma. Nikasema mbwembwe za ujana. Naye alisema atanipigia.

Hakuna aliyepiga.

Nikashusha bei ikawa kumi na mbili na laki nane. Nikashusha ikawa kumi na mbili. Nikampa Masanja aikague upya, akasema hana cha kugusa, gari imesimama. Nikaanza kumfikiria jirani yangu wa mswaki. Mnanielewa. Nikawaza kuna mkono wa mtu. Nilikaribia kabisa kwenda kuomba ushauri kwa mzee fulani, nikakumbuka kwamba mimi ni Injinia.

Huku mawingu yanajikusanya juu ya ziwa kila alasiri, meusi, yanakuja yanarudi. Tukienda Mkolani Mama Neema anasimama katikati ya sebule isiyo na paa, anaangalia juu, halafu ananiangalia mimi. Bora angegomba.

Na huku watu wote walionikimbia wana adabu zao. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtu mzima unayeheshimika. Nani atamwambia mzee wa watu usoni?

Mungu akamleta Mama Zuhura.

Huyu ni mama wa mjini, familia yao ni ya wafanyabiashara wa zamani wa Kiislamu, yeye anapamba kumbi za harusi na kuvalisha maharusi. Anataka Noah ya kubebea magauni na mapazia. Ana miwani, ana bangili mkono mzima, na mdomo wake hauna breki. Alifungua mlango mara moja akaufunga.

"Baba, gari yako inanuka samaki."

Wakuu, nilicheka. Nikamwelewesha kwa upole.

"Mama, hiyo sio gari. Hiyo ni mimi. Nimetoka mwaloni sasa hivi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Biashara yangu ni dagaa."

"Haya. Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Vuka barabara. Kasimame kule, pale kwa muuza chipsi. Mbali."

Nikavuka. Mtu mzima, Injinia, nimesimama kwa muuza chipsi kama nimefukuzwa darasani. Mama Zuhura akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, akapandisha vioo vyote, jua linawaka. Nikamwona ndani ameshika usukani, amekaa wima. Akawa anabadilika sura. Halafu mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka mtandio uko puani, akapiga kelele kutoka upande wa pili wa barabara, bajaji zinapita katikati yetu, abiria wa stendi wote wanasikia:

"Baba! Wewe uko huko! Samaki wako huku!"

Muuza chipsi akaacha kugeuza viazi.

Nikavuka nikarudi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama ana uhakika.

"Bibi harusi nimvalishe shela la laki nane, aingie ukumbini ananuka sangara? Mume si atakimbia? Hivi wewe husikii?"

"Sisikii kitu mama."

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Unasikia nini?"

"Kiti kipya."

Mama Zuhura akanitazama kwa muda mrefu. Hasira yote ikamtoka, akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa. "Pole baba," akasema. Tena kwa moyo kabisa. Akapanda bajaji akaenda zake.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mama Neema anakunja vitenge.

"Mama Neema, nijibu kweli. Gari inanuka?"

"Inanuka."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilijua ni wewe."

Wakuu, hebu fikirieni. Miaka yote hii ya ndoa. Nikamuuliza Neema kwa simu, maana nilishampeleka chuo na ile gari, naye akasema, "Baba, mimi nilidhani umeanza kubebea dagaa humo. Sikutaka kukuvunja moyo."

Nikamwita Masanja tufunue zulia. Lile lile nililokataa kulifunua.

Chini yake kulikuwa na ziwa. Maji ya kahawia yameganda kwenye sponji, magamba ya sangara yamebandikana kwenye bati kama mtu ameyapanga, na pezi moja zima. Mabula alikuwa anabeba sangara na barafu. Barafu inayeyuka, inashuka chini ya zulia, inakaa humo, jua linapika. Hapo ndipo nikaielewa ile kahawa. Kahawa inavuta harufu. Yule bwana hanywi kahawa hata kidogo.

Na nikaelewa kwanini alinyamaza kwenye simu nilipomwambia alete mwaloni. Yeye alikuwa anaiogopa ile stendi aliyoitaja mwenyewe. Mimi nikampeleka mahali pekee Mwanza nzima ambapo gari yake haiwezi kunuka. Tena na fundi wa mwaloni, tena mbele ya mashahidi wa mwaloni. Sisi wote pale tulikuwa na pua, lakini hakuna aliyekuwa nayo kazini.

Basi tukaanza matibabu. Tulitoa viti, tukavianika pembeni ya dagaa, Masanja akasema hapana, tukavihamisha. Tukaosha kwa povu mara tatu. Tukaweka limau, magadi, mkaa, kahawa. Nikanunua manukato ya kupulizia. Kila tukimaliza namwita Neema aje kunusa, maana mimi na Masanja hatukuwa na sifa za kufanya hiyo kazi. Anafungua mlango, anafikiria.

"Sasa hivi inanuka samaki aliyeenda harusini," akasema.

Nikajua hapa hakuna mteja wa mjini. Na alasiri ile matone mawili yakaniangukia kwenye kipara. Mama Neema aliyaona. Akatabasamu tu. Alinikumbusha kama alivyoahidi, bila kufungua mdomo.

Kesho yake nikaingia na Noah kwenye kivuko kwenda Kamanga. Nilikwenda kwa shari, nisiwafiche. Njiani nilipanga maneno. Kwenye kivuko watu waliosimama karibu na gari yangu walihama mmoja mmoja wakaenda upande wa pili, nikabaki na nafasi kubwa peke yangu kama mheshimiwa.

Nikamkuta Mabula ufukweni anapakia sangara kwenye pikapu. Aliponiona hakukimbia. Alivua kofia.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Mabula, umeniuzia samaki."

"Nimekuuzia Noah, mkubwa. Samaki walikuwa chini ya zulia, na zulia nilikuomba ulifunue."

"Kwanini hukusema?"

"Ningesema ungenunua?"

"Nisingenunua."

"Sasa?"

Nikatafuta yale maneno niliyopanga, yote yalikuwa yamebaki kwenye kivuko.

Akanikalisha, akaagiza chai. Akanieleza. Mkewe alikuwa amegoma kupanda ile gari kwenda kanisani, waumini walikuwa wanahama benchi. Ndiyo akaiuza, na kwa sehemu ya pesa yangu akamnunulia mkewe kigari kidogo kisafi. Lakini sasa mzigo wa sangara anabeba kwa pikapu ya kukodi, na kodi inamla.

Nikaweka kikombe chini.

Wakuu, damu ya biashara ni damu ya biashara. Nikamtazama Mabula, nikaitazama Noah. Mwanza yote na viunga vyake kuna watu wa aina moja tu ambao hawawezi kuisikia ile gari, na mmoja wao ameketi mbele yangu, anahitaji gari, anaijua gari, na mkewe ameshapata ya kwake.

"Mabula, injini unaijua. Na sasa ina oili mpya."

"Milioni nane, mkubwa."

"Kumi."

"Mkubwa, hii gari inanuka."

"Wewe unaisikia?"

Akavuta pumzi. Akafikiria.

"Hapana."

Tukakutana 9,200,000. Alinihesabia palepale, iliyobaki ya kwangu na ya mauzo ya sangara. Kabla sijapanda kivuko kurudi kwa miguu aliniita akisema nimesahau kitu, akanirushia mfuko wa kahawa.

Bati zilipanda Mkolani wiki ileile. Sio zile nzito za rangi, ni bati za kawaida nyeupe. Mama Neema alisema mvua haiangalii rangi. Fundi alipigilia msumari wa mwisho asubuhi, na mchana ziwa likatuma mvua ambayo sijawahi kuisikia, maana sijawahi kuisikia nikiwa chini ya bati zangu mwenyewe. Mbao ni kavu, sebule ni kavu. Mke wangu alicheza peke yake mle ndani. Nisiwadanganye, nilifurahi kuliko faida yoyote.

Kilichokosa bati ni baraza ya mbele tu.

Nilichojifunza, wakuu. Kukagua gari kwa macho na mikono ni nusu ya kazi. Funua zulia, hata kama muuzaji anacheka. Funga vioo, ikae juani, halafu ingia. Na usiende na watu wa kazi yako peke yao, kwa sababu mnachokizoea ninyi hamkioni wote kwa pamoja. Nenda na mtu baki, ikiwezekana mama mwenye mdomo. Mama Zuhura nilimpelekea dagaa wakavu debe zima kumshukuru. Alipokea, akaniambia niwaache nje getini.

Na wewe unayeuza, mteja wa tatu akisema "nitakupigia", acha kumsingizia jirani.

Vijana mnaofanya hii biashara, leteni na ninyi mliyokutana nayo, hasa mliouziwa gari na watu wachangamfu. Mnaotaka kunicheka chekeni, nimeshachekwa na muuza chipsi, hakuna jipya mtakalonifanyia.

Namalizia kuandika haya nikiwa nyumbani, kwenye ile baraza isiyo na bati, maana tumeshahamia. Mama Neema ameniwekea kiti changu hapa, anasema ni mahali pazuri pa kuongea na simu. Manyunyu yameanza. Jirani mpya kaniuliza kwanini nyumba nzuri hivi nimeiachia baraza wazi, kwani ingegharimu kiasi gani.

Nikamwambia hesabu yake ninayo kichwani. Hasara ya gari, povu, kuosha viti, limau, magadi, mkaa, manukato, ukijumlisha vyote:

Shilingi 1,947,500.